Fataki za Mfalme Zilivyogeuka Kuwa za Taifa

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kwa nini mataifa mengi huadhimisha sikukuu zao kwa fataki, na desturi hiyo ilianzia wapi. Jibu jepesi ni China, na si la uongo, kwani huko ndiko baruti, yaani mchanganyiko wa shura (aina ya chumvi), salfa na makaa, ilikojulikana tangu karne ya 9. Hata hivyo, jibu hilo linaeleza chanzo cha baruti tu. Halituambii ni nani aliyeamua kwamba dola ijitukuze kwa kuirusha angani. Kwa maoni yangu, wa kuulizwa hapo ni wafalme wa Ulaya.

Kwao fataki zilikuwa kazi ya watu wa mizinga, waliojua kuichanganya baruti bila kujilipua, na zilirushwa mtawala alipooa, alipopata mrithi au alipomaliza vita. Mnamo Aprili 27, 1749, Mfalme George wa Pili wa Uingereza aliandaa fataki katika bustani ya Green Park, London, kusherehekea mkataba wa amani uliotiwa saini mwaka uliotangulia. Handel alitunga muziki kwa ajili ya hafla hiyo, na jengo kubwa la mbao likasimamishwa. Lakini upande wake mmoja ulishika moto, na msanifu wake, Servandoni, akamchomolea upanga ofisa aliyesimamia fataki. (Sherehe ya amani, tena!)

Makoloni ya Uingereza huko Amerika nayo yaliadhimisha siku ya kuzaliwa kwa mfalme kwa mizinga, kengele, mioto na mishumaa madirishani. Kwa hiyo John Adams, mjumbe wa Kongresi (baraza la makoloni hayo), alipomwandikia mkewe Abigail, Julai 3, 1776, kwamba siku ya uhuru istahili gwaride, michezo, mizinga, kengele, mioto mikubwa na mataa katika bara zima, hakuwa akibuni jambo jipya, bali alikuwa akimvua mfalme heshima yake na kulivika taifa changa. Siku aliyoitaja ilikuwa Julai 2, siku ambayo Kongresi ilipiga kura ya kujitenga na Uingereza. Wananchi wakaichagua Julai 4, siku Tangazo la Uhuru lilipopitishwa.

Mwaka uliofuata, mjini Philadelphia, meli zilipiga mizinga 13 kila moja, bendi ya askari wa Kijerumani waliopigania Uingereza na kutekwa katika mapigano ya Trenton ikawatumbuiza wajumbe wa Kongresi mezani, na usiku fataki zikaanza na kumalizika kwa roketi 13, idadi ya majimbo. Boston nayo ilikuwa na fataki zake usiku huohuo. Kuchoma baruti kwa furaha wakati vita bado vinaendelea kulikuwa ujasiri, au pengine kiburi, kwa kuwa Septemba 26 ya mwaka huohuo Waingereza waliingia Philadelphia na kuukalia mji. Rangi nazo zilikuwa chache, hasa za dhahabu na nyeupe. Wekundu wa madini ya strontiamu na kijani cha madini ya bariamu vilikuja kung'aa vyema katika karne ya 19, mafundi walipoanza kutumia kemikali iitwayo klorati ya potasiamu.

Ufaransa ilipita njia hiyohiyo kwa kuchelewa zaidi. Louis wa 14 aliwarushia wageni wake fataki katika bustani za Versailles, lakini ilipofika mwaka 1880, Bunge la Jamhuri lilipoifanya Julai 14 kuwa sikukuu ya taifa, fataki za Paris zilirushwa kwa heshima ya siku ambayo umati uliivamia Bastille, ngome ya mfalme.