Jibu: Tegi ya mlango haisomi dakika za moto. Mkuu, usitengeneze faili jipya la parameta!

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika hapa jukwaani kwamba umechukua tegi ya milango (alama inayoandika taarifa za mlango kwenye plani) kutoka mradi wa mwenzako wa Revit, programu ya kuchora majengo, umegeuza duara kuwa pembesita, na chini ya namba ya mlango unataka zisomeke dakika za kuhimili moto. Sehemu hiyo inatoka tupu, kwa hiyo usiku wa leo utatengeneza faili jipya la parameta za pamoja (shared parameters: vyumba vya taarifa, kama hizo dakika, vinavyotumiwa na mlango, tegi na jedwali kwa pamoja), uweke parameta yenye jina lile lile la iliyomo kwenye milango, uipakie kwenye mradi na kazi iishe. Haitaisha. Hapo ndipo itakapoanza, nami najua kwa sababu nilipita njia hiyo hiyo na iligharimu ofisi yetu faida ya mradi mzima.

Revit haiitambui parameta ya pamoja kwa jina lake. Inaitambua kwa GUID, ule msururu wa herufi na tarakimu 32 uliokatwa kwa vistari vinne, unaozaliwa pale pale unapoitengeneza parameta. Ukitengeneza Dakika_Moto leo, na kesho ukatengeneza Dakika_Moto nyingine kwenye faili jingine, kwa Revit ni parameta mbili zisizojuana. Ni Juma wawili katika darasa moja: jina ni moja, daftari ni mawili, na ukisahihisha daftari la huyu, la mwenzake linabaki na makosa yake.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Tulikuwa na jengo la ghorofa kadhaa. Famili za milango (vielelezo vya milango vinavyopakiwa kwenye mradi) zilitoka mradi wa nyuma, jedwali la milango pia lilitoka huko, na vyote viwili vilikuwa na Dakika_Moto ya zamani. Faili la zamani sikuliona kwenye kompyuta yangu, nikatengeneza jipya. Nikaweka parameta ya jina hilo hilo, lebo ya tegi (sehemu yake inayoonyesha maandishi) nikaielekeza huko, nikaipakia. Tegi ikatoka na namba ya mlango juu, chini patupu. Nikaiongeza parameta yangu kwenye milango yote kama parameta ya mradi (inayoongezwa kwenye mradi wenyewe, si ndani ya famili), na kwenye dirisha la sifa za mlango Dakika_Moto ikaonekana mara mbili, moja juu ya nyingine. Niliiona kwa macho yangu. Nikadhani ni kasoro ya programu tu, nikaijaza kwa mkono ile iliyokuwa tupu, mlango baada ya mlango, hadi plani ikapendeza.

Wiki kadhaa baadaye mshauri wa usalama wa moto akasema milango ya ngazi ipande kutoka dakika 30 hadi dakika 60. Nikafungua jedwali, nikabadilisha, nikachapa. Jedwali likasema 60. Plani ikaendelea kusema 30, maana tegi zilikuwa zinasoma daftari la Juma wa pili. Sikuzirudia plani kuziangalia. Ungezirudia wewe? Sifa yote ya programu hizi ni kwamba ukibadilisha mahali pamoja panabadilika pote, na mimi niliamini hivyo kwa moyo wote.

Karakana ikasoma plani. Milango 14 ya dakika 30 ikatengenezwa, ikaletwa, ikafungwa na fremu zake. Iligunduliwa siku ya ukaguzi: mkaguzi amesimama mbele ya mlango wa ngazi, jedwali mkono huu, plani mkono huu, ananiuliza afuate lipi. Sikuwa na jibu. Milango iling'olewa na fremu zake, plasta ikabomoka pembeni, mkandarasi akadai siku zake, na gharama ikakatwa kwenye ada yetu. Lakini hela si jambo lililoniuma zaidi. Ile ilikuwa milango ya ngazi, njia ambayo watu wangekimbilia moshi ukijaa. Ningeweza kuiacha hivyo bila kujua, na jengo likafunguliwa.

Nina hasira hadi leo na yule aliyetufundisha. Kwenye mafunzo alisema mbele ya darasa zima, nanukuu kwa sababu niliandika: "Jina likifanana, programu itaelewa yenyewe." Si kweli, na hakuwahi kuijaribu. Angefungua faili lenyewe kwa kihariri cha maandishi angeona kila mstari wa PARAM unaanza na GUID kabla hata ya jina. Watu wanalipa, wanaketi siku nzima, wanaondoka na sentensi moja ya kuvunja jengo. Na kila mwezi namwona mtu mwingine hapa anaileta sentensi hiyo hiyo, sasa wewe mkuu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na sitaacha kuirudia: ofisi moja, faili moja la parameta za pamoja. Liko mahali pamoja kwenye seva, lina chelezo (nakala ya akiba), na kuna mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuongeza kitu humo. Wengine wote wanasoma tu. Ukifanya kazi peke yako, mtu huyo ni wewe, na bado usiwe na mafaili mawili. Kama unafungua mradi mpya na unahisi kulianzisha upya ili "liwe safi", hisia hiyo ndiyo ya kuikimbia. Na usilihariri kwa mkono. Mstari wa pili wa faili lenyewe unakukataza.

"Sasa nifanyeje, faili la mwenzangu sina?" Huhitaji faili lake. Parameta imo ndani ya famili ya mlango pamoja na GUID yake. Hakikisha Revit imeelekezwa kwenye faili la ofisi yako, fungua famili ya mlango, nenda kwenye dirisha la aina za famili, chagua Dakika_Moto, ihariri, utaona kitufe cha Export. Kibonyeze. Parameta itaandikwa kwenye faili lako ikiwa na GUID ile ile ya asili. Baada ya hapo fungua tegi, hariri lebo, ichague parameta hiyo kutoka kwenye faili, hifadhi tegi kwa jina jipya, ipakie. Jina jipya ni muhimu: ukipakia kwa jina la zamani na kukubali kuandika juu yake, kila tegi ya jina hilo iliyomo kwenye mradi inabadilika mara moja, hata kwenye shiti ulizokwisha kutoa.

Kama parameta ya mlango si ya pamoja kabisa, bali ni ya famili ya kawaida, tegi haitaisoma kamwe hata ufanye nini, na hata jedwali halitaiona. Ikiwa ni parameta ya mradi isiyo ya pamoja, jedwali litaisoma lakini tegi hapana. Hili ndilo linalowachanganya wengi: wanaona thamani ipo kwenye jedwali, wanadhani tegi ni mbovu.

Na kama tayari unazo mbili kwenye mradi (nahofia unazo, kwa jinsi ulivyoeleza), usifute yoyote bado. Ukiondoa parameta ya mradi, thamani zake zote kwenye milango yote zinaondoka nayo. Tengeneza jedwali la muda lenye safu zote mbili. Hazitofautiani kwa jina, kwa hiyo chukua mlango mmoja, andika 99 kwenye safu ya kwanza, kisha utazame tegi ya mlango huo kwenye plani. Ikigeuka kuwa 99, umeijua safu inayosomwa na tegi. Isipogeuka, ni ile nyingine. Zipe safu vichwa tofauti pale pale kwenye jedwali usije ukasahau, linganisha thamani mstari kwa mstari, na kila palipo na mgongano muulize mshauri wa moto. Usikisie. Mimi nilikaa siku mbili na jedwali hilo, na nilikuta tofauti hata kwenye milango ambayo hakuna aliyeilalamikia.

Pembesita yenyewe si tatizo. Chora kwa vipimo vya karatasi, si vya jengo: maandishi ya milimita 2.5 kwenye tegi yatachapwa milimita 2.5 iwe plani ni ya 1:50 au 1:200. Milimita 2.5 ni kimojawapo cha vimo vya herufi kwenye ISO 3098, kiwango cha kimataifa cha maandishi ya michoro; kinachofuata ni 3.5. Hakikisha pia namba inasomwa kutoka Mark, ambayo ni ya kila mlango peke yake, na si Type Mark, ambayo ni ya aina nzima. Usipoangalia, milango 20 ya aina moja itavaa namba moja.

Kabla hujapakia chochote, lifungue faili lako kwa kihariri cha maandishi, kwa kusoma tu, utafute mstari wenye Dakika_Moto, unakili herufi nane za mwanzo za GUID. Kisha fanya ile Export kutoka famili ya mlango kwenda faili tupu la majaribio, utakalolifuta baadaye, ulinganishe. Zikiwa tofauti, usipakie. Ziweke hapa zote mbili, niko mtandaoni hadi usiku.