Lori inagonga ikiwa sailensi? Usishushe injini kabla hujajua mlio unatoka wapi

Mkuu uliyeuliza kuhusu lori lako la zamani la dizeli, linagonga ngo ngo ngo likiwa sailensi (injini inanguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta) alafu ukikanyaga mafuta mlio unapotea, na fundi kashakwambia imenoki ushushe injini, nakuomba usishushe kwanza. Mi yalinikuta hayo hayo na mlio ulikuwa wa namna hiyo hiyo. Kilori cha tani tatu na nusu, silinda nne, pampu ya dizeli ya mekaniki ya zamani, na mafundi watatu kwa nyakati tofauti wakanambia ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu ya injini). Haikuwa konrodi. Naandika kwa kirefu manake najua roho inavyouma gari ndo inakulisha alafu unaambiwa injini imekufa.

Kabla hujashika spana yoyote, kaa na huo mlio uusome. Unaanza injini ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Upo sailensi tu au hata ukipanda mlima na mzigo? Ukikanyaga klachi unabadilika? Haya maswali yanafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Pistoni iliyolegea kwenye silinda inagonga asubuhi injini ikiwa ya baridi, ikipata moto pistoni inatanuka mlio unapungua. Gasketi ya menifodi ya ekzosi ikivuja inatoa tik tik tik utasema ni tapeti kabisa, nayo mara nyingi inatulia chuma kikipata moto, ukichungulia utakuta masizi meusi pale inapopumulia. Ukikanyaga klachi mlio ukabadilika basi angalia kwanza beringi ya klachi na gia boksi huko nyuma, usianze na injini. Konrodi yenyewe ambayo metali zake (beringi zake laini pale inaposhika krenki) zimelika inapiga kelele zaidi ikiwa na mzigo, au ukishikilia mafuta mpaka mzunguko elfu mbili hivi alafu ukaachia ghafla, pale unapoachia ndo inajitaja. Sasa wa kwangu ulikuwa kinyume, ukikanyaga unatulia, ukiweka mzigo husikii kitu, hiyo peke yake ilitosha kututia shaka wote tuliokuwa tumesimama pale na hakuna aliyeisemea.

Nikaanza na oili. Nilifungua swichi ya presha ya oili nikafunga geji mahali pake, injini ikiwa ya moto kabisa, presha ikasoma ndani ya kile kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Konrodi moja inaweza kugonga na presha bado ikawa nzuri, kwahiyo hicho kipimo hakimalizi kesi, ila metali za krenki zikiwa zimekwisha zote geji huwa inaonyesha. Alafu nikamwaga oili nikaipitisha kwenye kitambaa cheupe, nikakata filta nikakunjua ile karatasi yake juani nikaikagua mkunjo kwa mkunjo. Hakuna vipande vinavyong'aa. Metali zikilika lazima huo unga uende mahali, na mahali penyewe ni kwenye filta.

Kilichofuata ni nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, na hapa naomba usome taratibu. Kwenye hizi dizeli za zamani unaweza kulegeza nati ya bomba la nozeli moja injini ikiwa sailensi, ile silinda inakosa mafuta, haichomi tena. Mlio ukipungua au ukipotea, tatizo liko kwenye silinda hiyo, inaweza kuwa nozeli yenyewe inamwaga mafuta vibaya au konrodi ya pale. Unakaza, unahamia ya pili. Ila dizeli inayotoka pale ina presha ya zaidi ya bar 100, inapenya ngozi na kuingia mwilini, ikikuingia hata kwa kitundu kidogo kama cha sindano ni kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo hata kama huhisi maumivu. Kwahiyo legeza kidogo tu, vaa miwani na glavu, funika nati kwa kitambaa kinene, uso uwe mbali. Na kama gari yako ni dizeli ya kisasa ya common rail (nozeli zote zinalishwa na bomba moja lenye presha kubwa) usijaribu kabisa, zile presha zinapita bar 1000, huko ni kazi ya mashine ya kupimia. Mi nilizungukia silinda zote nne. Injini inatetemeka kila nikilegeza moja, hiyo ni kawaida, ila ile ngo ngo ngo iko pale pale, haipungui kwa hata silinda moja. Kama ingekuwa konrodi ya silinda fulani, ningesikia ikipoa nilipoinyima moto silinda yake. Hapo ndo nikaanza kuamini kwamba injini yangu ni nzima, haijafa.

Nikachukua bisibisi ndefu, ncha naigusisha kwenye chuma, mpini naubana kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Wengine wanatumia kipande cha hosi ni sawa tu. Tatizo la chuma ni kwamba kinasafirisha mlio, ukigusa hedi unasikia, ukigusa sampu unasikia, unaweza kuchanganyikiwa ukadhani upo kila mahali, kwahiyo usitafute unaposikika, tafuta unapogonga kwa ukali zaidi. Wangu ulikuwa mkali mbele, kwenye kava la taimingi (kifuniko cha mbele ya injini), chini. (Funga mikono ya shati na uwe makini na feni, ukiwa umesikiliza unasahau kabisa kwamba kuna kitu kinazunguka karibu na uso wako.)

Basi nikatoa mkanda wa feni nikawasha. Mlio ukabadilika! Haukuisha, ila ile ngo nzito ikawa tak nyepesi ya hapa na pale. Usiwashe muda mrefu bila mkanda maana pampu ya maji haizunguki, dakika moja inatosha kusikiliza, na kama vakyumu ya breki (inayofanya pedeli iwe laini) inatoka nyuma ya alteneta kama yangu usithubutu kuliendesha hivyo, breki zitakuwa ngumu. Nikasema nimekupata, ni alteneta. Nikaizungusha kwa mkono, laini. Pampu ya maji nikaishika nikaitikisa, haichezi. Puli ya kukazia mkanda nayo haina mlio. Nikarudisha mkanda, ngo ikarudi. Nilikaa chini pale karibu nusu saa najiuliza, kama vitu vinavyozungushwa na mkanda ni vizima vyote, mkanda unaleta nini? Unaleta uzito. Unavuta kile kinachouzungusha, yani puli ya krenki.

Hii puli kwenye injini nyingi sio chuma kimoja. Kuna kitovu cha ndani kilichofungwa kwenye krenki, kuna ringi ya nje inayobeba mkanda, na katikati kuna mpira umegandishwa kuvishika viwili hivyo. Kazi ya ule mpira ni kunyonya mtikisiko wa krenki kila silinda inapolipuka. Mpira unazeeka, oili inaudondokea, unaachia. Ringi ya nje inabaki inaelea, na sailensi ndo pabaya zaidi kwasababu mzunguko ni mdogo na kila mlipuko ni kama unaisukuma krenki kwa kishindo, ukikanyaga mafuta milipuko inasogeleana, ringi inatulia. Ndo maana mlio unapotea.

Nilikamata kwa chaki. Nilizima injini, nikafuta puli na kitambaa chenye petroli ikakauka, nikachora mstari mmoja ulionyooka kuanzia katikati ya kitovu, ukapita juu ya mpira, ukaishia ukingoni mwa ringi ya nje. Nikawasha, nikaacha dakika mbili, nikakanyaga mafuta mara tatu nne, nikazima. Nilivyochungulia na tochi ule mstari ulikuwa umekatika. Nusu ya ndani iko inapotakiwa, nusu ya nje imehama karibu upana wa vidole viwili. Nilipogusa mpira kwa ukucha ulibanduka vipande vipande kama ganda kavu. Nilimwita mwenzangu aje aone, nilikuwa sijiamini.

Na kuna kitu kingine kikajieleza pale. Kwenye hiyo gari alama ya taimingi imechongwa kwenye ringi ya nje, na miezi michache kabla kuna fundi alikuwa ametega pampu ya dizeli (kuipangia wakati wa kuingiza mafuta) akifuata hiyo alama. Ringi ilikuwa imeshahama, kwahiyo pampu ilitegwa ikachelewa, ndo sababu gari ilikuwa nzito kuwaka asubuhi na kutoa moshi mweupe, na mi nilikuwa nachukulia huo moshi kama ushahidi kwamba injini imechoka. Kwahiyo baada ya kufunga puli mpya na kukaza boliti yake kwa tokwi (nguvu ya kukazia) kama kitabu kinavyosema, tulitafuta upya silinda namba moja inapofika juu kabisa tukatega pampu kwa geji ya daio, ile ya mshale inayopima mwendo mdogo sana. Asubuhi yake ikawaka kwa jaribio la kwanza tu, bila moshi, na sailensi yake mpaka leo ni ile ya dizeli ya kawaida.

Usidharau hii kitu ukasema ni kelele tu nitaendelea nayo. Ile puli inailinda krenki, ukitembea muda mrefu bila mpira kufanya kazi mtikisiko unaweza kuipasua krenki yenyewe, na hapo sasa kushusha injini kutakuwa kwa kweli. Angalia pia boliti ya puli na kii yake (kipande cha chuma kinachoizuia puli isiteleze kwenye krenki), zikilegea zinatoa mlio unaofanana sana na huu.

Sijasema yako lazima iwe puli, mkuu. Inaweza kuwa nozeli, inaweza kweli kuwa konrodi, sijaisikia. Ila chaki na kutoa mkanda ni kazi ya nusu saa, na kushusha injini hakurudishiki. Fanya hayo mawili kesho ikiwa baridi, alafu tuambie mambo mawili: mkanda ukitoka mlio unafanyaje, na mstari wa chaki umebaki umenyooka au umekatika. Rekodi na sauti pia kama unaweza, simu uiweke chini mbele karibu na puli, isiwe juu ya hedi.