Simu ya Marekani, laini ya Bongo

SWALI: Habari za kazi. Shemeji yangu yuko Ohio anataka kunitumia simu aliyokuwa anatumia kule, anasema ni ya CDMA ila ina 4G. Mimi niko Songea, itasoma laini zetu kweli? Na niweke mtandao gani? Msomaji, Songea

JIBU: Afadhali umeuliza kabla haijapanda ndege, wengi wanauliza ikiwa ishafika mezani.

Hiyo CDMA isikutishe. Huo ni mfumo wa zamani wa simu, na kwa mfumo ule mtandao ulikuwa unaisajili simu yenyewe, huchomoi laini ukahamia simu nyingine kama tulivyozoea sisi wa GSM, mfumo wa huku kwetu (hata huku TTCL waliwahi kuwa nayo, zile simu za mezani zisizo na waya, mnazikumbuka?). Mtandao wa Verizon wa kule Marekani uliizima mwisho wa 2022, ya Sprint, mtandao mwingine wa kule, nayo ikazimwa mwaka huohuo. Sasa kule karibu kila mtu yuko kwenye 4G na 5G, ila masafa ya kule na ya huku ndo yanatofautiana na hapo ndo watu wanapoliwa hela. 4G ya Verizon ilianzia bendi 13 (bendi ni fungu la masafa), huku kwetu shika bendi 3 ya 1800 MHz na bendi 20 ya 800 MHz, simu kubwa kubwa nyingi zinazo zote, ila zile za bei chee wanazouza pamoja na laini ya mtandao fulani ndo uziogope. Halafu huku ukipiga au kupigiwa, simu nyingi bado zinashuka 2G au 3G, kwa hiyo iwe na GSM 900 na 3G 2100, la sivyo WhatsApp itapeta halafu mama akikupigia hupatikani.

Kingine ni loki. Kama imefungwa kwa mtandao wa kule hata bendi ziwe mia haitasoma laini yako, na shemeji aiombe ifunguliwe akiwa hukohuko, maana fundi wa huku atakuchaji na wiki mbili baadaye inajifunga tena, mimi yalinikuta. Na kama ni iPhone 14 kuja juu ya Marekani, haina tundu la laini kabisa! Ni eSIM tu, yaani laini ya ndani ya simu isiyo na kadi, kaulize dukani kwanza kama wanakuwekea.

Mtandao gani? Azima laini za majirani, lala nazo usiku mmoja mmoja hapohapo chumbani kwako uone ipi inashika, sio mjini kwenye mnara. Ila kwanza shemeji abonyeze *#06# akutumie IMEI itakayotokea, ile namba ya utambulisho wa simu, pamoja na modeli kamili.