Mzee anaujua ugonjwa wake, muulizeni kabla ya msimu wa korosho

Mtu aliyeishi na ugonjwa wa akili tangu ujanani mpaka kufika miaka 65 au 70 ameshavuka mengi: kulazwa, kuitwa kichaa sokoni, kuzika waliokuwa wakimtunza. Nyumba nyingi huku Mtwara na Lindi humhesabu kuwa mzigo, kumbe ndiye anayejua kuliko wote ugonjwa wake unavyoanza na unavyotulia. Ujuzi huo ndio uimara wake. Kazi ya wanaoishi naye ni kuuandika, ili usomeke siku atakaposhindwa kusema mwenyewe.

Nunueni daftari dogo. Kaeni naye asubuhi ya siku ambayo ametulia, ameshakunywa chai, nanyi msizidi wawili. Muulizeni: "Bibi, miaka ile ulipokaribia kuugua, kitu gani kilibadilika mwanzo?" Akijibu "nilichanganyikiwa," msiishie hapo. Ulizeni mpaka lipatikane jambo la kuonekana kwa macho: anaacha kuoga jioni, anafunga madirisha mchana, anakataa chakula kilichopikwa na mkamwana, anaanza kufagia uwanja saa nane usiku. Kisha muulizeni nini kilimsaidia, nini kilimharibia, na anataka aitwe nani. Andikeni kwa maneno yake yaleyale, hata kama ni ya Kimakonde au Kimwera. Akisema kaka yake asiitwe, andikeni hivyo na mheshimu.

Kwa wengi dalili ya kwanza ni usingizi. Usiku mmoja mbaya ni wa kuangalia tu. Usiku wa pili mfululizo akipata usingizi usiofika jumla ya saa nne, msingoje tarehe ya kliniki. Wiki hiyo ya mwanzo mara nyingi ugonjwa hutulizwa kwa daktari kurekebisha dozi. Mkingoja mpaka avue nguo barabarani, mtalazimika kumfunga kamba na kukodi gari, na aibu ya siku hiyo atakaa nayo muda mrefu kuliko ugonjwa wenyewe.

Tunasema kabla ya msimu wa korosho kwa sababu kuanzia Oktoba mambo matatu humjia kwa pamoja. Nyumba inabaki tupu, watu wote wako shambani kuokota. Joto linapanda. Na mabibo yanatoa uraka, pombe ya maji ya mabibo hayo. Bakuli la uraka juu ya dawa za akili kama klopromazini au amitriptilini humfanya mzee asinzie vibaya na kuyumba, na mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo ni vigumu arudi kutembea kama zamani. Kumkataza kwa ukali kunamfundisha kunywa kwa siri. Afadhali muwe wazi naye: dawa hizi na kileo havikai pamoja, kwa hiyo baraza anayokwenda jioni iwe ile ya bao na kahawa.

Kuna jambo la nne ambalo familia hulisahau. Mikorosho mara nyingi ni yake. Inaokotwa, inapelekwa chama cha msingi, malipo ya mnada yanaingia, na hakuna anayemwambia kitu kwa kuwa "akili yake si nzuri." Uchungu huo humla ndani kwa ndani, na watu wakiuona huuita ugonjwa. Mleteeni stakabadhi, msomeeni kilo, mwambieni fedha iliyoingia na mnayotaka kuifanyia. Hata kama hesabu hazishiki zote, anajua ameulizwa.

Fedha hiyohiyo ndiyo ya kuwekea nauli ya kliniki. Huku kwetu tuna msimu mmoja wa mvua, na kati ya Januari na Aprili mfuko umekauka na barabara za udongo zimeharibika. Ndipo tarehe zinaporukwa. Pigeni hesabu mapema: kama nauli ni shilingi 4,000 kwenda, watu wawili kwenda na kurudi ni 16,000, na miezi hiyo minne ni 64,000. Zikae kwa mtu mmoja anayeaminika. Anayetumia sindano ya kila mwezi ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu dawa hupungua mwilini taratibu. Atakaa vizuri wiki kadhaa baada ya kuikosa, watu waseme amepona, kisha aanguke. Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wasiojiweza hutibiwa bure, kwa hiyo kitambulisho cha mzee kitafuteni kupitia serikali ya mtaa au kijiji kabla hamjakihitaji.

Sasa jambo linaloua wazee wetu kimyakimya. Mzee akibadilika ghafla, ndani ya saa au siku mbili tatu, anachanganya mchana na usiku, anamwita mjukuu kwa jina la marehemu, jioni anazidi na asubuhi ana nafuu, msikimbilie kusema "ugonjwa wake umerudi," wala "amepandisha majini." Mabadiliko ya namna hiyo mara nyingi ni mwili unaoumwa: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, kukosa choo kwa siku kadhaa, dawa mpya, au kukosa maji. Newala na Tandahimba, kule juu ambako maji hutafutwa kwa taabu, mzee hujinyima kunywa ili asiwasumbue wajukuu. Mwekeeni jagi lake mwenyewe, vikombe sita hadi vinane kwa siku, isipokuwa daktari amempunguzia maji kwa ajili ya moyo au figo. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: mwombeni ataje siku za wiki kurudi nyuma kuanzia Jumapili. Kama wiki iliyopita aliweza na leo anapotea njiani, mpelekeni siku hiyohiyo zahanati au kituo cha afya apimwe malaria, mkojo, sukari na joto la mwili. Wakisema "huyu ni wa akili, mpelekeni Ligula" au "mpelekeni Sokoine," yaani hospitali za mikoa ya Mtwara na Lindi, bila kumgusa, ombeni kwa upole lakini kwa msimamo apimwe kwanza. Wagonjwa wa akili hufa kwa nimonia kama watu wengine.

Dozi aliyoimudu akiwa na miaka 40 inaweza kumzidi akiwa na 70, kwa kuwa ini na figo haviitoi dawa kwa kasi ileile. Haloperidoli humkakamaza na kumtetemesha mikono. Klopromazini hushusha presha anaposimama: akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika mbili, miguu chini, ndipo anyanyuke akiwa ameshika kitu. Amitriptilini humfunga choo, na mwanamume mwenye tezi dume inaweza kumzuia mkojo kabisa. Bensheksoli, ile ya kuondoa mkakamao, humvuruga kumbukumbu. Yote hayo ni ya kumwambia daktari ili apunguze au abadilishe. Kuacha ghafla ni hatari, hasa kwa anayetumia dawa ya kifafa. Kisomo au maombi viendelee, na vidonge viendelee.

Ramadhani ikikaribia, nendeni kliniki wiki mbili kabla. Dawa ya mara moja huhamia usiku bila tabu, ya mara mbili mara nyingi hugawanywa futari na daku, lakini ya mara tatu msijipangie wenyewe. Na mzee ambaye mfungo unamdhuru ana ruhusa ya dini: hulishwa maskini kwa kila siku, nayo ni ibada kamili.

Mpeni kazi ambayo isipofanyika nyumba itaijua. Kuwafungulia kuku na kuwahesabu jioni ni kazi. Kupukuchua mbaazi bakuli moja, kupepeta ufuta, kusuka ukili nusu saa kivulini, vyote vinafaa. Kubangua korosho kwa mkono unaotetemeka hapana, kwa kuwa mafuta ya ganda huunguza ngozi. Akichelewa kumaliza mwacheni. Kumpokonya kazi "apumzike" ndiko kunakomfanya akae akihesabu waliokufa.

Na ile salfa na dawa za kupulizia mikorosho zisikae chini ya kitanda wala jikoni. Zifungiwe kufuli, funguo awe nayo mtu mwingine. Mzee mwenye sonona akikata tamaa hunyoosha mkono kwenye kilicho karibu. Akianza kugawa vitu vyake, au akisema "nawachosha," muulizeni waziwazi: "Babu, umefikiria kujidhuru?" Swali hilo halimtii wazo, linampa mahali pa kulitua. Akiitikia, asiachwe peke yake hata kwenda chooni, na apelekwe hospitali siku hiyo, daftari likiwa mkononi mwa anayemsindikiza.