Unazuiwa kumwona mtoto? Usikate matumizi

Kaka, nimekuelewa: mtoto ana miaka 4, yuko Mbagala kwa mama yake, unanyimwa kumwona, nawe unataka kusitisha matumizi. Usithubutu. Matumizi ni haki ya mtoto, si kiingilio cha kumwona, na ukikata utakuwa umempa mwenzio hoja ya kukushinda nayo. Tuma kwa simu, tunza meseji za muamala. Hela ya mkononi bila ushahidi ni rahisi kukanwa.

Kisha nenda ustawi wa jamii, Manispaa ya Temeke, na cheti cha kuzaliwa. Mtaitwa wote wawili. Makubaliano yataje siku na saa. "Wikiendi" tupu huzaa ugomvi mwingine. Ikishindikana, peleka maombi Mahakama ya Watoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Omba kumtembelea kwanza. Kukaa naye ni kugumu zaidi, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 ina dhana kwamba aliye chini ya miaka 7 akae na mama, ingawa dhana hiyo hupingika kwa ushahidi.

Usimvizie shuleni ukamchukua, utajiharibia. Na kama hamkufunga ndoa na jina lako halimo kwenye cheti, anza kuthibitisha ubaba. Hapo tafuta wakili au msaidizi wa kisheria.