Godoro kuukuu: lifumue kwanza ndipo ulitoe

Godoro lililochoka halitupiki likiwa zima. Mtaani kwetu Tabata, Dar es Salaam, watu huniita na kisu changu kila mtu anapohama au anaponunua jipya, na jambo la kwanza ninalowaambia ni hilo. Godoro la tano kwa sita halienei kwenye kiroba cha taka, wazoa taka wanalikwepa kwa sababu linakula nusu ya gari, na kwenye nyumba ya kupanga hakuna pa kuliweka. Basi linaegemezwa ukutani nje "kwa muda tu". Mvua inalikuta hapo, paka anazalia humo, halafu asubuhi moja halipo, na kila mtu anamshukuru asiyemjua. Nenda kaangalie mtaroni.

Sponji hunywa maji mpaka watu wawili hawaiinui. Ikifika kwenye karavati inakaa pale pale, chupa za plastiki na matawi yanajipanga nyuma yake, na maji ya masika yanatafuta njia nyingine, ambayo kwa kawaida ni sebule ya mtu. Anayekaa karibu na Bonde la Msimbazi hahitaji kuchorewa picha.

Kabla ya kushika kisu, hakikisha kwanza kama kweli limekwisha. Watu wengi hawajawahi kugeuza godoro lao tangu walinunue. Lipindue, mchago uende miguuni, ulale hivyo siku kadhaa. Kama bado unazihisi chaga mbavuni, basi kwa mtu mzima hilo limekwisha, ingawa mtoto mdogo asiye na uzito anaweza kulilalia bado. Rangi ya njano usiihesabu. Sponji huwa njano kwa hewa na mwanga tu hata kama hakuna aliyeilalia, kwa hiyo unjano peke yake hauna maana kwamba ni chafu au imekufa.

Linalohesabika ni kunguni, na hapo sina utani. Shika taa ya simu, fungua mishono ya pindo kwa vidole, hasa upande wa mchago na kwenye pembe. Kunguni mkubwa ana milimita 5 hivi, unamwona kwa macho. Usipomwona mwenyewe utaona alama zake: vidoadoa vyeusi kama vya kalamu ya wino iliyovuja, na maganda mepesi ya kahawia aliyoyavua alipokuwa anakua. Mayai ni madogo sana, meupe, yamegandishwa kwenye kitambaa. Watu husema lianike juani kutwa watakufa. Hawafi wote. Jua linachoma juu, lakini ndani na upande wa chini kunabaki na ubaridi wa kumtosha, naye ana miguu, anahamia huko. Ili wafe wote pamoja na mayai, joto linatakiwa lifike nyuzi 50 hivi kila mahali na likae, jambo ambalo jua la uani haliwezi kwa kitu kinene cha inchi nane. Na kuliweka stoo ukidhani watakufa njaa ni kupoteza muda, kwa sababu kunguni anaweza kukaa miezi bila kunyonya damu.

Kwa hiyo godoro la kunguni haligawiwi, halifumuliwi, wala haliburuzwi kwenye korido ya nyumba yenye wapangaji sita. Wifi yangu alipewa godoro la bure na mtu mwema kabisa, na kwa macho lilikuwa zuri. Kilichofuata ni kutoa hadi makochi ya sebuleni. La namna hiyo livalishwe nailoni humo humo chumbani. Ile nailoni iliyokuja na godoro jipya ndiyo saizi yake, usiitupe. Ziba kila upenyo kwa selotepu pana, kisha andika juu kwa herufi kubwa: KUNGUNI. Utaona aibu kidogo. Ziandike hata hivyo, kwa sababu kuna kijana atakayeliona mbele ya geti lako na kusema leo nimepata kitanda.

Kama ni safi na bado lina uhai, kumpa mtu ni jambo jema, ila mpe kwa maneno. Mwambie lina umri gani, lilikuwa la nani, mtoto alikuwa akilikojolea au la. Harufu ya mkojo huwa inalala kiangazi na kuamka siku ya kwanza ya manyunyu, na mpokeaji ataikumbuka sura yako. La mgonjwa au la marehemu pia sema wazi. Wapo wasiojali na wapo ambao hawatalala usingizi juu yake, na ni haki yao. Vituo vya watoto vipigie simu kwanza, uwatumie picha. Usishushe mzigo getini kisha ukaondoka huku ukijihesabia thawabu, wakati wao ndio watakaolipa wa kuliondoa.

Sasa kufumua. Mimi hufanyia uani, juu ya turubai, asubuhi upepo haujaanza. Funga barakoa au kanga puani, na mwenye pumu asikaribie, maana vumbi lililomo humo si la siku mbili. Anza na pindo. Ule utepe unaozunguka kingo umeshonwa kwa uzi mrefu. Ukikata mshono kwa wembe mahali pamoja na kuuvuta, mara nyingi upande mzima unafumuka wenyewe na kitambaa kinabaki bila kuchanika. Kitambaa hicho kiloweke kwa maji ya moto na sabuni, kianike, kitakuwa madekio na matambara ya gereji kwa muda mrefu. Fundi pikipiki wa kona kwetu hajawahi kukataa.

Ukishaivua sponji, itazame kwa upande. Godoro la watu wawili huwa na mabonde mawili na kilima katikati, pale ambapo hakuna aliyekuwa akilala. Kile kilima ndicho sponji bora kuliko yote humo, karibu kama siku ilipotoka dukani. Kata hapo mito ya viti vya kulia chakula, au mpelekee fundi makochi, naye atakwambia papo hapo kama anaitaka. Kukata kwenyewe usitumie kisu kifupi, na usiikandamize, kwa sababu ikikandamizwa inakatika mshazari na mto unakuwa na mdomo upande mmoja. Piga mstari kwa kalamu nene, chukua kisu kirefu cha mkate chenye meno, kipitishe kwa kukivuta kuja kwako, taratibu, bila kukaza mkono.

Yale mabonde yenyewe bado yana wateja. Mafundi ujenzi hutumia vipande vya sponji kulainishia plasta, wenye kuosha magari wanavitaka, na anayehama anavihitaji kukingia televisheni na vioo. Inayobaki ikatekate chenga za ukubwa wa kiberiti na kujazia mito ya makochi. Hata viwandani chenga za sponji husagwa, zikachanganywa na gundi na kukandamizwa kwa mvuke hadi ziwe sponji ngumu mpya ya kuwekwa chini ya zulia. Kitu kimoja tu sikubaliani nacho, japo najua nyumba nyingi wanafanya: kukata godoro kuwa sponji ya kuoshea vyombo. Jasho la miaka yote hiyo, halafu sahani? Sponji ya vyombo inauzwa bei ya pipi.

La springi ni kazi ya plaizi na glovu nzito. Juu kuna sponji nyembamba na kitambaa kilichobanwa kwa vipini vya chuma pembeni. Ukivikata vyote, ngozi inavuka na unabaki na fremu ya waya. Usizikate springi zenyewe, zinaruka, na jicho halina spea. Fremu nzima mkabidhi mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita mtaani. Atalalamika kuwa inajaza mkokoteni, bei itakuwa ndogo, lakini ataichukua, kwa sababu ni chuma na chuma huyeyushwa.

Kwa wale waliorithi godoro la sufi kutoka kwa bibi, msiwe na haraka. Sufi iliyogandamana ikitolewa kwenye mfuko, ikaanikwa na kupigwa kwa fimbo mpaka mabonge yaachane, sehemu kubwa yake huamka, na inatosha mito kadhaa. Fanyeni siku isiyo na upepo na mbali na jiko, kwa kuwa sufi hupeperuka na kushika moto upesi. La makumbi lifumue uyatandaze chini ya migomba.

Moto wenyewe nimeulizwa mara nyingi: si bora tulichome tu liishe? Hapana. Sponji ya kisasa ni poliurethani, zao la mafuta ya petroli. Ikishika moto inayeyuka huku inawaka, matone yenye moto yanadondoka, na moshi wake mweusi unabeba kaboni monoksidi na sianidi, sumu ya ukoo mmoja na ile ya wachenjuaji wa dhahabu. Moshi huo hauendi mbinguni, unaingia dirishani kwa jirani mwenye kichanga. Sisi wa Tabata tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Mwaka 1988 wakazi wa hapa waliipeleka Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi, harufu na nzi wa dampo lililokuwa kwetu, na mahakama ikasimama na wakazi. Haipendezi leo tuwashe dampo dogo uani kwa hiari yetu.

Kwa kile kilichobaki kweli kweli, na kwa lile la kunguni, njia ni gari la taka kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka taka ngumu mikononi mwa serikali za mitaa, kwa hiyo usione haya kumuuliza mwenyekiti wa mtaa au afisa afya wa kata siku ya gari na kama mzigo mkubwa unalipiwa zaidi. Ukitumia kijana wa guta, usiishie kuuliza bei. Muulize analipeleka wapi. Akijibu "nitajua huko mbele", umeshajua ni wapi. Mimi hupatana naye alishushe kwenye kizimba cha taka, nampa nusu ya pesa, nusu akinitumia picha. Wengine wanacheka. Wanaocheka wakishamaliza wanapiga picha.

Na kabla jipya halijapanda kitandani, toa chaga zote. Mwaga maji yanayochemka kwenye maungio na matundu ya misumari, kwani kunguni hawakai godoroni peke yake. Ziache zikauke kabisa juani, maana chaga mbichi huotesha ukungu upande wa chini wa godoro, hasa kwa wale ndugu zangu wanaolalia na nailoni yake mwaka mzima ili lisichafuke. Ivueni. Tayari tumeshaipatia kazi.