Rangi ya nane: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikachelewa kulala kwa furaha. Unasema wanafunzi wako wa darasa la nne walikuwa wanachora upinde wa mvua, mmoja akauliza rangi ya nane ikiongezwa itakuwa ipi. Nawe kila ukijaribu kuiwaza unaishia kuchanganya zilezile saba, hadi unaniuliza kama akili yako imechoka.

Haijachoka, mama. Nitakueleza.

Kwanza waambie watoto kwamba upinde umewahi kuongezewa rangi. Isaac Newton alipopitisha mwanga wa jua kwenye prizimu, kipande cha kioo chenye pembe tatu, mwanzoni alitaja rangi kuu tano: nyekundu, njano, kijani, bluu na urujuani. Baadaye akaingiza rangi ya chungwa na nili, ili zitimie saba kama hatua za ngazi ya muziki. Mwanga wenyewe haukubadilika hata chembe. Kwenye upinde rangi huingiliana polepole, na sisi ndio tunaopitisha kisu. Mtoto akikata kipande kati ya kijani na bluu akakipa jina, ana haki ileile aliyokuwa nayo Newton. Lakini nakujua, hicho hakitakutosheleza. Unataka rangi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona.

Mahali pake papo. Mwaka 1800 mwanaastronomia William Herschel aliutandaza mwanga wa jua ukatoa rangi zake, akaweka vipimajoto. Kile cha nje ya nyekundu, pasipoonekana kitu, ndicho kilichopanda zaidi. Mwaka uliofuata mwanasayansi Johann Ritter akajaribu upande wa pili, kwa chumvi ya fedha ambayo huwa nyeusi ikipigwa na mwanga. Ikawa nyeusi upesi zaidi baada ya urujuani, penye giza kwa macho yetu. Upinde wa mvua nao unaendelea pande zote mbili. Robert Greenler, mwanafizikia wa Marekani, aliupiga picha ule mkanda wa juu ya nyekundu kwa filamu maalumu, na picha ikachapishwa mwaka 1971.

Mimi rangi ya nane ningeiweka chini ya urujuani, upande wa ndani wa tao. Huko nyuki anaona. Nyekundu yetu haioni, lakini maua mengi yana michoro ya mwanga huo inayomwonyesha mbochi, yale maji matamu ya ua, ulipo, na sisi tunapita tukidhani ua ni la njano tupu.

Sasa kwa nini huwezi kuiwaza. Jicho lako lina aina tatu za seli za rangi. Kila rangi uliyowahi kuiona, hata waridi na kahawia ambazo hazimo kwenye upinde, imetokana na kiasi ambacho kila aina imeamshwa. Ukiwaza rangi, ubongo unachota humohumo. Kuku anayeparura uani kwetu ana aina nne.

Tena lenzi ya jicho huzuia sehemu kubwa ya miali ya baada ya urujuani. Watu walioondolewa lenzi kwa sababu ya mtoto wa jicho, bila kuwekewa nyingine, waliweza kuiona kidogo. Je, waliona rangi mpya? Hapana, waliona weupe wenye ubuluu. Mgeni alifunguliwa mlango, akaingia, akavishwa nguo za wenyeji. Habari hii inanigusa kuliko zote nilizokuandikia: kuruhusu mwanga upite hakutoshi, lazima kuwe na seli ya nne ya kuupokea na ubongo uliozoea kuusikiliza.

Mwezi Aprili 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza walivyotumia leza kuamsha aina moja tu ya seli hizo, ile ya katikati, inayoamshwa zaidi na kijani. Mwanga wa kawaida hauwezi kufanya hivyo, maana ukiigusa hiyo unagusa na jirani zake. Watu watano waliona bluu-kijani iliyokolea kupita yoyote waliyoijua, nayo ikaitwa olo. Hata hiyo bado waliilinganisha na bluu-kijani.

Kwa hiyo darasani acha mkanda mtupu chini ya urujuani, usiwape penseli ya kuupaka. Wakikuambia waridi, wakatalie kwa upole, maana hiyo wanayo tayari. Waulize ni mnyama gani angeujaza, na angeona nini kwenye ua la alizeti.

Kisha chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, ubonyeze. Kwa macho taa yake ni kimya. Simu nyingi zitaionyesha ikimetameta, nyeupe au zambarau. Ni mwanga wa upande ule wa Herschel, na simu imeuvalisha rangi zake yenyewe. Ijaribu nyumbani kwanza, maana simu nyingine zina kichujio kinachouzuia.

Wasalimie wajukuu.

Mama yako